Kadi ya Chanjo na Haki ya Mwenyeji

Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka pwani kwa miguu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Zanzibar, alifuatilia njia yake hatua kwa hatua: kilitoka upande wa Bahari ya Shamu, kikapita nchi ya Wamaasai, kikaingia Pangani pamoja na misafara ya biashara, kisha kikavuka bahari hadi Unguja na kuua maelfu ya watu. Wakati ule hapakuwa na chanjo ya kipindupindu wala kadi ya kuonyesha njiani. Msafara ukifika, mji uliupokea pamoja na ulichokibeba.

Nyuma ya Pangani, bara, inapanda milima ya Usambara, na juu huko, katika wilaya ya Korogwe ya leo, ndiko iliko Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walifungua hapo makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ni miongoni mwa za kwanza kabisa za aina yake Afrika Mashariki. Wagonjwa wanaishi pamoja, wanakula pamoja, na kazi ya mikono ni sehemu ya tiba yao. Wageni kutoka Ujerumani wamekuwa wakiipanda milima hiyo kwa zaidi ya karne moja. Kwa hiyo, watu wanapouliza kama aliyechanjwa asafiri nje ya nchi yake wakati wa janga, mimi humfikiria kwanza mgonjwa wa Lutindi, ambaye hakuombwa ridhaa yake kuhusu safari ya mtu yeyote.

Serikali za kale zilijibu swali hilo kwa kumzuia kila mtu. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, kilijengewa gereza mwaka 1893, lakini kazi yake kubwa ikawa karantini: abiria wa meli walishushwa huko wakasubiri hadi ijulikane kama wana ugonjwa. Ilikuwa adha, ila tajiri na maskini wote walisubiri.

Chanjo ndiyo iliyoleta ubaguzi wa halali. Max Theiler na wenzake walipopata chanjo ya homa ya manjano mwaka 1937, ilionekana kwamba sindano moja inamkinga msafiri na pia inamnyima mbu damu yenye virusi. Aliyechanjwa hawezi kuwa daraja la ugonjwa. Ndiyo sababu kadi ya njano imedumu. Ukiifungua unakuta tarehe, toleo la chanjo, sahihi ya mchanjaji na muhuri wa kituo. Inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 inatambuliwa kwa maisha yote. Dereva anayeingia Tanzania kutoka Kenya kupitia Horohoro au Namanga anaijua vizuri kuliko leseni yake. Kadi ile naitetea bila kusita, na anayeuza kadi pasipo sindano namhesabu kuwa mtu hatari.

Kipindupindu kilikuwa jambo jingine. Kwa miaka mingi wasafiri walidaiwa cheti chake pia, hadi mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani lilipoondoa sharti hilo, kwa kuwa chanjo ya wakati ule haikuzuia ugonjwa kuvuka mpaka. Cheti kiliwapa watu utulivu ambao hawakustahili kuwa nao. Mahujaji nao waliliona hilo mwaka 2000. Wengi walikwenda Makka wakiwa wamechanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo, wakarudi Ulaya na kwingineko wazima kabisa, huku kooni wamebeba bakteria wa kundi la W135. Waliougua wengine walikuwa watu wa nyumbani kwao, ambao hawakwenda popote. Baada ya hapo Saudi Arabia ikadai chanjo ya makundi manne.

Halafu ikaja Uviko-19. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa Tanzania, Machi 2020, alikuwa amerejea Arusha kutoka Ubelgiji. Mwezi Mei mwaka huo Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo, na madereva wakapimwa mpakani. Chanjo zilipopatikana, Ulaya ilianza kuwafungulia waliochanjwa, wakati Tanzania ilipokea dozi zake 1,058,400 za mwanzo mwishoni mwa Julai 2021, kwa nchi yenye watu karibu milioni 60. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 mwezi huohuo. Mwezi Septemba Wakenya waliochanjwa AstraZeneca iliyotolewa msaada na Uingereza waliambiwa kwamba vyeti vyao havitambuliwi na Uingereza hiyohiyo. Hilo lilikuwa dharau, na halikuwa na sababu hata moja ya kitabibu.

Chanjo zile ziliokoa maisha, na kila aliyeweza kuchanjwa alifanya vyema. Lakini kufikia aina ya virusi iliyoitwa Omicron, Novemba 2021, ilikuwa wazi kwamba aliyechanjwa anaweza kuambukizwa na kuambukiza. Kadi yake ilimwambia yeye kwamba huenda asife. Aliyempokea haikumwambia mengi.

Kwa hiyo jibu langu linategemea msafiri anakwenda wapi na kwa nini. Mwanafunzi anayekwenda masomoni, mgonjwa anayefuata matibabu India, mtoto anayekwenda kumzika mzazi wake, hao waende, wapime kabla na baada. Anayetaka kuzunguka kuona mandhari, asubiri hadi chanjo iwafikie wanaompikia na kumbebea mizigo. Na anayekusudia kupanda Lutindi wakati wa janga, hata awe na sindano tatu, kwanza awaulize wauguzi wa huko kama bweni lina nafasi ya kumtenga mgonjwa mmoja, na kama walezi wamechanjwa. Wakisema bado, michango itumwe, yeye abaki kwao.