Sura ya Mama Kwenye VCD

Mamangu aliwahi kuwa staa. Sitanii. Mwaka wa 2004 kwaya yao kule Kayole ilirekodi nyimbo nane, wakashonewa nguo za kitambaa kimoja, wakapelekwa Uhuru Park kuimba wakiyumba mbele ya maua, na miezi kadhaa baadaye VCD ikafika nyumbani. Tuliitazama mpaka watoto wa ploti nzima wakajua nyimbo zote nane, hata wale ambao hawakuwa wa kanisa letu.

Juzi nimeitoa kabatini, nikainakili kwenye laptop, nikaunganisha na TV ya inchi 43. Wacha tu. Ilikuwa kama kuangalia watu kupitia kioo cha bafu. Picha ya VCD ina nukta 352 kwa upana na 288 kwa urefu. Zidisha, unapata laki moja na ushee. TV yangu ina nukta zaidi ya milioni mbili. Yaani kila nukta moja ya kwaya inavutwa ifunike mahali pa nukta ishirini. Mama yuko mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, na uso wake wote ni kama nukta kumi na mbili kwa upana. Hiyo si sura. Hiyo ni kisia.

Ndipo nikaanza kusoma historia ya hizi diski, maana kuna swali ambalo wenye biashara ya filamu wamelizunguka kwa miaka mingi: kuna maana gani kutengeneza diski yenye picha hafifu kidogo ili iwe ya bei nafuu?

VCD yenyewe ilikuwa jibu la kwanza. Kanuni zake ziliwekwa mwaka wa 1993 na Philips, Sony, Matsushita na JVC. Walichukua sidii ya kawaida ya muziki, wakaibana picha mpaka dakika 74 hivi zikaenea. Filamu moja ilitaka sidii mbili, kwa hivyo adui akiwa karibu kuuawa, ndio unaamka kubadilisha. Wamarekani hawakujishughulisha nayo sana. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1996 na kwao mwaka uliofuata, ikiwa na nukta mara nne zaidi. Lakini Uchina, Hong Kong na Malaysia, VCD ilitamba. Na River Road pia.

Hapa River Road inahitaji kuelezwa, kwa sababu wengi wenu mnaijua kwa simu na stima tu. Kunakili kaseti ya VHS ya saa moja kulichukua saa moja. Sidii ilichomwa kwa dakika chache kwenye kompyuta yoyote yenye mashine ya kuchomea, na VCD haikuwa na kufuli lolote la kuzuia kunakili. Vichekesho vya Kikuyu, nyimbo za injili, drama zilizopigwa wikendi mbili kwa kamera ya kukodi: vyote vilipita hapo, na watu wakaanza kuita mahali hapo Riverwood. Mtengenezaji hakuhitaji kuomba ruhusa Tokyo wala Hollywood. Alihitaji sidii tupu, karatasi ya jalada, na kijana wa kuzitembeza kwenye stendi za matatu.

Na hakuna aliyelalamika kuhusu picha. Nyumbani tulikuwa na Greatwall ya inchi 14, eriali imefungwa kwa waya wa henga. Kwenye skrini hiyo, VCD ilikuwa safi kuliko taarifa ya habari. Hata baadaye, DVD za kumi-kwa-moja zilipoingia, filamu kumi zimesukumwa ndani ya diski moja mpaka moshi na giza vikawa vijisanduku, vibanda vya video vilijaa. Ukimsikia DJ Afro akikupigia stori ya filamu ya Kihindi, unahesabu nukta za nini?

Sasa ruka hadi 2006. Toshiba wanaleta HD DVD, Sony na wenzao wanaleta Blu-ray, zote zikitumia leza ya buluu na picha ya nukta milioni mbili. HD DVD ilijitetea kwa bei: ilibeba GB 15 kwa tabaka dhidi ya 25 za mwenzake, lakini kiwanda cha DVD kingeweza kurekebishwa kuitengeneza. Kabla yao kulikuwa na wazo rahisi zaidi. Warner walipendekeza tuachane na leza mpya, tuchukue DVD ileile ya GB 8.5 na tubane picha kwa ufundi zaidi. Hesabu inakubali: filamu ya saa mbili, kwa megabiti 8 kila sekunde, inakula GB 7.2. Mwaka wa 2003 Terminator 2 ilitoka ikiwa na DVD ya ziada iliyobeba toleo la HD la kuchezwa kwenye kompyuta. Mwaka huohuo Wachina wakatangaza EVD yao, diski ya DVD yenye picha ya HD, wakitaka pia kukwepa mrabaha uliolipwa wenye hataza za DVD. Mwaka wa 2009 wakajaribu tena na CBHD, iliyojengwa juu ya mabaki ya HD DVD. Toshiba wenyewe walikuwa wameshasalimu amri Februari 2008.

Hakuna hata moja iliyodumu. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kudhani kwamba bei iko kwenye plastiki. Plastiki ni pesa kidogo sana. Bei iko kwenye mashine mpya ambayo lazima ununue, na kwenye haki za filamu, na hivyo viwili havipungui kwa sababu umepunguza nukta. Mwenye pesa ya kununua deki mpya anataka picha bora kabisa. Asiye nayo ana DVD, na kutoka kwenye sofa haoni shida. Diski ya katikati ilikuwa kama matatu inayotoza bei ya express halafu inasimama kila steji. Nani apande?

Lakini kuna jambo linalonichekesha. Picha yenyewe ya katikati, ile ya nukta 1280 kwa 720, ilishinda! Ulipoenda duka la muvi mtaani ukampa jamaa flash akujazie series, mara nyingi alichokuwekea ni hiyo, faili la 720. Kilichokataliwa kilikuwa diski.

Kwa hivyo ungeniuliza mwezi uliopita, ningekwambia picha hafifu ya bei nafuu haina ubaya wowote. Ya kutazama, bado nasema hivyo. Shida ni kwamba kwa Hollywood diski ilikuwa nakala tu. Mikanda ya filamu ilibaki stoo, na wakitaka picha kali zaidi wanarudi huko. Sisi hatukuwa na stoo. Nilimtafuta aliyepiga ile video, akaniambia kwa upole kwamba kaseti za kamera zilikuwa ghali, kwa hivyo alirekodi harusi juu ya kwaya. Kaseti hiyo ilikuwa na nukta mara nne ya zilizo kwenye VCD. Simlaumu, ile bei nafuu iliyotuletea VCD nyumbani ndiyo iliyomfanya arudie kaseti. Sijui ni kwaya ngapi, vichekesho vingapi, viko hivyo: nakala ya kuuza ndiyo nakala pekee.

Jumapili nilimwekea Mama. Alivaa miwani, akasogeza kiti karibu na TV, akaimba wimbo wa kwanza wote bila kutoa sauti, midomo tu. Nikasimamisha picha, nikamwonyesha yule wa mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, ambaye nimekuwa nikiwaonyesha wageni miaka yote.

"Huyo ni Mama Shiro," akasema. "Mimi niko nyuma yake. Si unaona huo mkono?"

Nikarudisha nyuma kidogo. Nikasogea. Kulikuwa na kitu cheusi karibu na bega la Mama Shiro, kinachoyumba.