Ustawi wa Jamii Tiba: Jina la Kazi na Mipaka Yake

Fani inayoitwa kwa Kiingereza clinical social work haijapata jina moja la Kiswahili lililokubalika, na anayetaka kuisomea shahada ya pili hulazimika kuieleza kwa sentensi nzima: kwa wazazi, kwa mfadhili, hata kwa ofisi inayopokea vyeti vyake. Sentensi yenyewe si ngumu. Ni kazi ya mtaalamu anayemsaidia mtu mwenye maumivu ya nafsi, kwa mazungumzo yenye utaratibu, huku akishughulikia pia mambo ya dunia yanayoyachochea maumivu hayo: kodi ya nyumba, karatasi za ukaazi, mume anayepiga, mtoto aliyechukuliwa na serikali. Nchini Marekani, ambako fani hii imeota mizizi, mwanafunzi huisomea uzamili kwa kawaida miaka miwili, na humo hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo yasiyopungua saa 900. Akihitimu, majimbo mengi humtaka afanye takriban saa 3,000 nyingine chini ya msimamizi kabla ya kupewa leseni ya kujitegemea. Mwenye leseni hiyo anaruhusiwa kubaini maradhi ya akili na kuyatibu kwa mazungumzo, ila haandiki dawa. Hoja yangu ni kwamba fani hii iitwe ustawi wa jamii tiba, na kwamba jina hilo litumike kwa ubahili, pale tu sheria ya mahali inapoitambua kazi yenyewe.

Nalipimia jina hilo Molenbeek, mojawapo ya manispaa 19 zinazounda jimbo la Brussels. Wengi huijua Molenbeek kwa Wamoroko walioanza kuja kwa wingi baada ya mkataba wa kazi wa mwaka 1964 kati ya Ubelgiji na Moroko, au kwa habari za mashambulizi ya 2015 na 2016. Kiswahili si lugha yake. Wakongo wa Brussels wana Matonge yao, kule Ixelles. Lakini Molenbeek imepakana na mfereji, na ng'ambo ya mfereji lipo jengo la Petit-Château, kambi ya zamani ya jeshi ambayo mwaka 1986 ilianza kupokea waomba hifadhi. Vitanda vilipopungua kuanzia mwishoni mwa 2021, wanaume waliokuja peke yao wakawa wanaachwa nje, na kufikia baridi ya 2022 kuingia 2023 mahema yalikuwa yamepangana kando ya mfereji, mpaka yalipoondolewa Machi 2023. Mwaka 2022 Warundi walikuwa miongoni mwa walioomba hifadhi kwa wingi zaidi nchini humo, kwa kuwa hadi Oktoba waliweza kuingia Serbia bila viza na kuendelea kwa nchi kavu. Bujumbura ni mji wa Kiswahili tangu zamani, Buyenzi hasa. Bukavu na Lubumbashi hazihitaji kuelezwa. Kwa hiyo mkalimani anayeketi kati ya mtu wa aina hiyo na mtaalamu wa Kibelgiji akiulizwa, "Huyu ni nani kwangu?", atajibu kwa istilahi alizo nazo. Akiwa hana, atabuni papo hapo, na msikilizaji ataondoka na picha ya mtu mwingine kabisa.

Mtego wa kwanza uko kwenye ngazi ya masomo. Kwa Mkongo aliyesoma kabla ya mageuzi ya LMD (licence, master, doctorat), graduat ni hatua ya kwanza ya chuo, miaka mitatu, na baada yake ndipo ilipofuata licence. Waflemi wa Ubelgiji nao leo wana graduaat, kozi fupi iliyo chini ya shahada ya kwanza. Mkongo huyo akisikia graduate ya Kiingereza atadhani anaambiwa ashuke, kumbe anaambiwa apande. Akisikia leseni, atafikiria shahada, ilhali Mmarekani anazungumzia kibali cha kufanya kazi. Hapa Kiswahili kimejaliwa: uzamili haufanani na lolote kati ya maneno hayo, na anayewaandikia Wakongo akisema "leseni ya kazi" badala ya leseni tupu, ameshaeleweka.

Ugomvi mkubwa zaidi uko kwenye social work. Wapo wanaopendelea kazi ya jamii, kwa kuwa inalifuata neno la Kiingereza hatua kwa hatua, na wanadai kwamba ustawi wa jamii ni jina la sera au idara ya serikali, si la taaluma. Dai hilo lina ukweli wake katika kamusi, lakini matumizi yamekwisha kulipita. Taasisi ya Dar es Salaam iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ambayo kwa Kiingereza hujiita taasisi ya social work, kwa Kiswahili hutumia jina la Ustawi wa Jamii, na wahitimu wake huajiriwa kama maafisa ustawi wa jamii katika halmashauri na hospitali. Taaluma yenyewe imelichukua jina, nasi hatuna sababu ya kuipokonya. Halafu kuna Mrundi wetu. Kwao, kazi ya jamii ni ile ya Jumamosi asubuhi, watu wanapotoka kufagia mitaa na kuchimba mitaro. Mnyarwanda ana umuganda wake, na Mkongo aliyekua enzi za Mobutu anakumbuka salongo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba kesho saa nne ana miadi na mtu wa kazi ya jamii, ana haki ya kuuliza kama aje na jembe.

Lililobaki ni clinical, na hapo ndipo wafasiri wengi hukimbilia kliniki. Asili ya neno ni Kiyunani, nalo lilihusu kitanda: tabibu aliyesimama kando ya mgonjwa aliyelala. Tanzania na Kenya, hata hivyo, mama akisema anaenda kliniki, majirani huelewa kwamba ni mjamzito au anampeleka mtoto kupimwa uzito. Kitabibu nalo lina mwenyewe: afisa tabibu ni yule anayekupima malaria na kukuandikia dawa. Tiba ndilo linalofaa, kwa sababu Kiswahili cha hospitali kimekwisha kulizoesha kazi zisizo na sindano. Tunasema saikolojia tiba, na tunasema tiba kwa vitendo kwa ile kazi ya kumrudishia aliyepooza uwezo wa kushika kijiko na kufunga vifungo vya shati. Isitoshe, fani yenyewe iliazima msamiati wa matabibu mapema mno: Mary Richmond, mmoja wa waasisi wake, alipochapisha kitabu chake kikuu mwaka 1917, alikiita kwa neno la daktari, lile la kubaini ugonjwa. Ustawi wa jamii tiba linasimama vizuri ubavuni mwa saikolojia tiba, na msomaji anaweza kukisia maana kabla hajafafanuliwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wanaosema jina jipya ni la nini, wakati tunao wanasihi na ushauri nasaha, maneno yaliyoenea Tanzania nzima tangu miaka ya vita dhidi ya UKIMWI. Jibu linaonekana ukikitazama kikao chenyewe. Tuseme kijana wa Buyenzi anamwambia mkalimani, "Nina mawazo mengi, usiku silali." Mkalimani asiye makini atafasiri kwa Kifaransa kwamba kijana ana fikra nyingi, na mtaalamu ataandika kwamba kijana ni mwerevu. Mawazo hapa ni yale yanayomkondesha mtu. Lakini hata yakifasiriwa sawasawa, swali la pili linabaki: halali kwa sababu ya aliyoyaona nyumbani na njiani, au kwa sababu analala kwenye hema kando ya maji mwezi Januari na viatu vyake viliibwa juzi? Mnasihi amefunzwa swali la kwanza, afisa wa misaada amefunzwa la pili. Aliyesomea fani tunayoizungumzia anatakiwa ayashike yote mawili katika saa hiyo hiyo moja, atambue lipi linalisha lipi, na asiagize mazoezi ya kupumua kwa mtu ambaye dawa yake ya kwanza ni paa. Unasihi ni kiungo kimojawapo cha kazi hiyo, na kiungo hakiwezi kubeba jina la mwili mzima.

Kuhusu afisa nina neno zaidi. Tanzania cheo hicho ni cha kawaida na sina ugomvi nacho. Ubelgiji ni mambo mengine. Huko kila manispaa, Molenbeek ikiwemo, ina kituo chake cha msaada wa jamii, CPAS kwa Kifaransa na OCMW kwa Kiholanzi, kwa mujibu wa sheria ya 8 Julai 1976. Mtaalamu wa ustawi wa jamii katika kituo hicho ndiye anayefanya uchunguzi unaotumika kuamua kama utapata posho au hutapata, na hufika hadi nyumbani kwako. Baada ya mashambulizi ya 2015 na 2016, sheria ya mwaka 2017 ilitaka hata vituo hivyo vitoe habari kwa waendesha mashtaka katika mambo ya ugaidi. Machi 2019 Mahakama ya Katiba ilikifuta kipengele kilichowalazimisha wafanyakazi wao kuripoti bila kuulizwa. Siri ya mteja ni wajibu wa kisheria wa wataalamu hawa, lakini mtu aliyetoka nchi ambako afisa ni yule wa kukuhoji hatakiamini kiti kilichoandikwa afisa. Mtaalamu linatosha, halitishi, na halidanganyi.

Sasa ule ubahili nilioutaja. Ubelgiji, cheo cha assistant social kinalindwa na sheria tangu 1945, na husomewa shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Upande wa Kifaransa ipo pia shahada ya uzamili ya krediti 120 katika uhandisi na utendaji wa kijamii, lakini hiyo humwandaa mtu kubuni miradi, kuchambua sera na kuongoza taasisi. Sheria ya mwaka 2016, iliyorekebisha ile ya 2014, iliweka miongoni mwa taaluma za afya saikolojia tiba na ortopedagojia tiba, yaani fani ya kuwasaidia wenye matatizo ya makuzi, tabia na kujifunza. Na kutibu kwa mazungumzo kwa kujitegemea kukaachiwa madaktari na watu wa fani hizo mbili, wakishasoma krediti 70 za nyongeza na kufanya kazi miaka miwili chini ya usimamizi. Ukiacha masharti ya mpito kwa waliokuwa tayari kazini, mtaalamu wa ustawi wa jamii hayumo. Mtu atasema basi jina langu limeshindwa mtihani pale pale nilipolipeleka. Naona limefaulu, kwa kuwa limeonyesha pengo ambalo tafsiri ya neno kwa neno ingelifunika. Binti wa Molenbeek anayeota kufanya kazi hii kama inavyofanywa Marekani anahitaji kujua mapema kwamba kwao njia inapitia udaktari, saikolojia tiba au ortopedagojia tiba, la sivyo asafiri. Na aliyerudi na leseni ya Marekani ajue kwamba Brussels leseni hiyo haimpi mamlaka ya kutibu.

Kwa hiyo vyuo vya Afrika Mashariki vitakavyofundisha fani hii kwa uzamili viiite ustawi wa jamii tiba, na BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, iliangalie jina hilo na kulisanifisha kama linafaa. Anayeandika kipeperushi cha huduma kwa Waswahili wa Molenbeek aandike "mtaalamu wa ustawi wa jamii", aeleze kwa sentensi moja kwamba mtu huyo husikiliza, hutunza siri na husaidia kupata makazi na karatasi, na neno tiba aliache mpaka sheria ya Ubelgiji itakapolipa nafasi.