Ruzuku ya Mbolea Tanzania Tangu Miaka ya 1970

Ruzuku ya mbolea ni sehemu ya bei ambayo serikali humlipia mkulima. Bei elekezi ni kikomo ambacho muuzaji haruhusiwi kukivuka. Nchini Tanzania, ambako mbolea nyingi huingia kupitia bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa hadi nyanda za juu kusini, nauli ndiyo imekuwa kiini cha sera zote mbili.

Baada ya ukame na upungufu wa chakula wa 1973 na 1974, serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima na kuuza mbolea kwa ruzuku kubwa. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kimeanza kazi 1972, kikitegemea malighafi kutoka nje. Kwa bei hiyo moja, mkulima wa Rukwa au Ruvuma hakubebeshwa gharama ya umbali. Ndiyo maana Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa ghala la mahindi la taifa. Gharama yenyewe haikutoweka, bali ilihamia kwenye mashirika ya umma, na madeni yao yakazidi kukua.

Mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1986 yalishusha thamani ya shilingi na kupandisha bei ya mbolea. Kiwanda cha Tanga kilifungwa 1991, na kufikia katikati ya muongo huo ruzuku ilikuwa imeondolewa hatua kwa hatua. Wafanyabiashara binafsi hawakuwa na sababu ya kupeleka mifuko michache katika vijiji vya mbali, hivyo wengi huko walirudi kulima bila mbolea. Lilikuwa pigo zito kwa maeneo yaleyale yaliyokuwa yakiilisha nchi. Mwaka 2003 serikali ikarudi kwenye ruzuku kwa kufidia nauli ya mbolea.

Mpango wa vocha ulioanza msimu wa 2008/09 ulikwenda mbali zaidi. Kamati ya pembejeo ya kijiji iliteua kaya, na kila kaya ikapewa vocha za mbolea na mbegu za kutosha ekari moja. Vocha ilibeba takriban nusu ya bei. Mkulima aliongeza fedha taslimu, naye wakala wa pembejeo akaipeleka vocha benki ili alipwe. Hapo ndipo udhaifu ulipojitokeza: asiye na fedha ya kuongezea aliiuza vocha yake, na mawakala waliocheleweshewa malipo walikosa mtaji wa kuagiza mzigo mwingine. Mpango ulikoma baada ya msimu wa 2013/14.

Mwaka 2017 ulianzishwa ununuzi wa pamoja wa mbolea za DAP na urea chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Bei elekezi ilikokotolewa kwa kujumlisha bei ya soko la dunia, gharama za meli, bandari na usafiri, pamoja na faida ya wakala. Bei ya dunia ilipopaa 2022, kikomo peke yake hakingemsaidia mnunuzi. Agosti mwaka huo ruzuku ilirejeshwa kwa wakulima waliosajiliwa, na mfuko wa DAP wa kilo 50 uliokuwa ukizidi shilingi 130,000 ukauzwa 70,000. Msimu huo wa kwanza ulikuwa na foleni ndefu na safari za mbali kumfikia wakala. Kwa mkulima anayelipa nauli kuufuata mfuko wa ruzuku hadi mjini, sehemu ya nafuu hiyo huishia njiani.