Matunzo na Marupurupu: Hesabu ya Mtoto Ukambani

Mwaka 1969 mama yangu alinifunga mgongoni kwa leso, akatembea kutoka kijijini kwetu hadi Kitui mjini kuulizia kesi. Nilikuwa nimeshatimiza mwaka mmoja. Alikuwa amesikia kwa wanawake wenzake wa mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, wakichimba matuta, kwamba mwanamke ambaye hajaolewa anaweza kumshtaki baba wa mtoto na mahakama ikamwamuru alipe kila mwezi. Hawakumdanganya. Sheria hiyo ilikuwapo tangu 1959. Alipofika akaambiwa imefutwa mwaka huohuo wa 1969, hakuna kesi. Akageuza njia.

Bunge lililoifuta halikuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, mbunge mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Kenya, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba 1969. Wanawake wa chama cha Maendeleo ya Wanawake walipinga kufutwa kwa sheria ile, wasisikizwe. Kwa miaka zaidi ya 30 iliyofuata, mtoto wa nje ya ndoa alikuwa mzigo wa mamake kisheria, na baba alitoa akipenda.

Babangu alikuwa kazini Mombasa. Mwajiri alimpa chumba, sare, matibabu na tikiti ya kwenda nyumbani wakati wa likizo. Mshahara uliotajwa kijijini ulikuwa mdogo, na mama hadi anafariki alikuwa akisema, "Mwanangu, yule hakuwa na kitu." Mimi nilikuwa karani wa mishahara kwa miaka 31. Nimestaafu nikijua kwamba alikuwa nacho, ila kiliandikwa mahali ambapo mama hangeweza kukiona.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii ya kuficha. Ndoa ya Kikamba husimama juu ya mbuzi wa ntheo. Pasipo ntheo, mtoto ni wa nyumba ya babu yake mzaa mama, hupewa jina huko na shamba huko. Susu, yaani nyanya yangu, alinilea kwa desturi hiyo na sikuwahi kuitwa mgeni kwake. Lakini hata mwanamume alipodaiwa fidia ya mimba, wazee waliuona uwezo wake kwa macho. Mbuzi hawafichiki. Ng'ombe walio kwa rafiki ng'ambo ya mto, mtu wa tatu anajua ni wa nani. Mali ilikuwa na kwato, na baraza ilihesabu kwato.

Mali ikaja ikapanda gari moshi. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa imepita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, sehemu ambazo leo ni Kaunti ya Makueni. Vijana wa Kikamba wakaingia kwenye reli, polisi na jeshi la KAR, wengine kwenye mashamba ya mkonge. Malipo yao yalikuwa mafungu mawili: shilingi chache mkononi, na posho. Posho ni unga wa mahindi unaopimwa kwa siku, pamoja na mahali pa kulala. Unga huo ulipimwa kwa tumbo moja. Chumba kilikuwa cha mtu mmoja, mara nyingi kitanda kimoja kati ya vingi. Kima cha chini cha mshahara kilipoanza kuwekwa, nacho kikakadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume kapera. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wanalishwa na jembe la mama huku Ukambani, kana kwamba mvua hapa hainyimi mtu.

Naomba msomaji akae kidogo hapa, kwa sababu ndipo hesabu yetu ilipopindia. Mtoto hakusahauliwa kwa bahati mbaya. Aliachwa nje ya mshahara kwa makusudi, ili kazi iwe rahisi kununua. Kamati ya Carpenter, katika ripoti yake ya mwaka 1954 kuhusu mishahara ya Waafrika, ndiyo iliyosema waziwazi kwamba mfanyakazi Mwafrika alipwe mshahara wa kutunza familia, si wa kapera. Pendekezo hilo lilisukuma viwango juu pole pole, lakini mazoea yalikuwa yamekomaa: pesa ya mkononi ni ya nyumbani, na kile anachopewa na kazi ni chake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilionekana kwamba mambo yangeweza kuwa vingine. Askari aliweza kukata sehemu ya mshahara wake ikaenda moja kwa moja kwa familia, ikachukuliwa ofisini kwa DC, mkuu wa wilaya. Pesa ikafuata jina. Asiye na jina kwenye karatasi hakuwa na cha kuchukua.

Karatasi. Nilipoomba cheti changu cha kuzaliwa nikiwa msichana, mahali pa jina la baba palikuwa na X zimepigwa kwa taipu, moja baada ya nyingine, hadi ukingo wa kisanduku. Sheria haikuruhusu jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa kuandikwa ila kwa ombi la wazazi wote wawili, au kwa ushahidi kwamba walioana. Fikiria maana ya zile X mbele ya karani wa mishahara. Bima ya hospitali, NHIF, ilianza mwaka 1966. Nilipokuwa kazini, mfanyakazi aliyetaka kumwongeza mtoto alitakiwa kuniletea cheti. Mtoto wa X hakuwa na cheti cha kumpeleka kwa babake. Miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa na pesa mkononi, mama aliuza vyondo vya mkonge kulipia dawa za kifua changu. Mwanamume mwenye matibabu ya bure alikuwa safari ya usiku mmoja kutoka kwetu.

Zile X ziliondolewa na Mahakama Kuu mwaka 2016, ilipotamka kwamba kifungu kilichozuia jina la baba kinapingana na Katiba.

Sheria nyingine zilikuwa zimeshaanza kugeuka. Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, ilirudisha matunzo mahakamani ingawa bado ilimwanzishia mama peke yake wajibu wa mtoto wa nje ya ndoa. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikasema wajibu ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 imefuata hapo.

Kenya haina kanuni ya asilimia ya kukadiria matunzo. Uingereza, kwa mfano, baba wa mtoto mmoja mwenye kipato cha kawaida hukatwa asilimia 12 ya kipato kabla ya kodi. Kwetu hakimu hupima: sheria ya 2001 ilimtaka aangalie kipato, uwezo wa kupata kipato, mali na rasilimali nyingine za fedha za kila mzazi, na mahitaji ya mtoto. Kwa hiyo kila mmoja huapa hati ya uwezo wake na kuambatisha karatasi ya mshahara. Vita vyote viko kwenye karatasi hiyo.

Mwaka jana jirani mmoja aliniletea karatasi ya mshahara ya baba wa mtoto wake hapa mjini Wote, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Katika hati yake baba huyo alikuwa ametaja mstari wa chini tu, alichobaki nacho. Nilimwekea kidole kwenye mistari ya juu mmoja mmoja. Mshahara wa msingi. Marupurupu ya nyumba; Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri atoe nyumba au alipe pesa ya pango, na amri za kima cha chini huziweka kwenye asilimia 15 ya msingi. Usafiri. Mazingira magumu, ambayo hulipwa katika baadhi ya sehemu za Kitui. Kisha makato: kodi ya mapato, NSSF, bima, halafu mkopo wa sacco, mkubwa kuliko yote hayo kwa pamoja. Sheria hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya ujira, na mkopo ule ulikuwa umefika ukutani.

Nikamwambia: kodi ya mapato na bima huyu hana hiari nazo. Mkopo aliutia sahihi mwenyewe, na tarehe yake ni ya baada ya wewe kwenda mahakamani. Mwambie hakimu.

Kuna la pili ambalo watu hawalioni. Chukua wanaume wawili wenye mshahara wa msingi wa shilingi 30,000. Mmoja ana marupurupu ya nyumba shilingi 4,500 na analipa kodi ya nyumba shilingi 9,000. Mwingine anakaa nyumba ya mwajiri, na karatasi yake haina mstari wa nyumba kabisa. Kwa macho, wa pili ni maskini zaidi. Kwa kweli ana shilingi 4,500 zaidi za kumlisha mtoto kila mwezi. Huyo wa pili ndiye babangu.

Basi wewe unayekwenda mahakamani Kitui, Mwingi, Makueni au Kilungu, usikubali mstari wa chini. Omba karatasi za miezi kadhaa, kamili, juu hadi chini. Uliza analala wapi na nani anamlipia. Uliza bima ya kazini inafunika nani, na uombe mtoto aandikwe humo, kwa maana kadi ya hospitali hailiwi wala haikopeshwi. Na wewe baba uliye na barua ya kazi mfukoni, nenda kesho ofisini ukajaze jina la mwanao.

Mama yangu alizikwa mwaka 2004. Hakuwahi kupokea hata shilingi moja.