"Sensa Imekufa": Kihisio cha Oksijeni na Maana ya Volti ya Chini

Mwaka 2022 Watanzania walihesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi. Gereji nazo zina sensa yao, ila hii haihesabu watu. Ni kidude chenye umbo la kukaribiana na plagi, kimefungwa kwenye bomba la moshi, na sifa yake kubwa mitaani ni kufa. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi akachomeka mashine na kusoma msimbo P0131, hukumu hutoka kabla injini haijapoa: "Oksijeni sensa imekufa, bosi. Tafuta nyingine."

Msimbo wenyewe haukusema hivyo. Ukiufasiri kwa uaminifu unasema: saketi ya kihisio cha oksijeni, volti ya chini, safu ya kwanza ya silinda, kihisio cha kwanza. Hakuna maiti humo. Kuna kipimo, na mahali kipimo kilipochukuliwa.

Tuanze na jina. "Sensa" ya gereji ilipoingia ilikuta nyumba ina mwenyewe, maana neno hilo tayari lilikuwa la kuhesabu watu. Istilahi "kihisio" imejengwa kwa matofali ya nyumbani: kitenzi hisi kikapewa ki- mbele na -o nyuma, kama ziba ilivyozaa kizibo, funika ikazaa kifuniko na chochea ikazaa kichocheo. Wapo wanaopendelea "kitambuzi", lakini anayetambua amekwisha kujua jambo ni lipi, ilhali anayehisi ameguswa tu. Kifaa hiki hakijui kama pampu imechoka au petroli imechakachuliwa. Huguswa na oksijeni, basi. Ndiyo maana kihisio kinafaa zaidi.

Kifaa hicho kiliingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1976, pale Volvo ilipoanza kuweka kihisio cha Bosch kwenye magari yaliyokwenda Marekani. Ndani yake mna kauri ya zirkonia iliyopakwa platini pande mbili. Upande mmoja unagusa hewa ya nje, mwingine unagusa moshi. Kauri ikipata joto la kutosha, nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzaa umeme. Moshi ukikaukiwa oksijeni, tofauti huwa kubwa na volti hupanda hadi karibu 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni tele, pande mbili hukaribiana na volti hushuka hadi karibu 0.1. Mstari wa katikati ni 0.45.

Hapa ndipo lugha inapoteleza. Kwetu "umeme mdogo" ni balbu inayofifia jioni na friji inayoguna. Ni neno la upungufu. Mwenye gari akiambiwa kuna volti ndogo, mawazo yake huenda kwenye betri na alteneta, au huona kifaa kimechoka kama mzee asiyeweza tena kupaza sauti. Kumbe kifaa hiki huzalisha volti kikikosa oksijeni. Volti ya chini ndiyo namna yake ya kusema: huku kwenye moshi hewa ni nyingi. Huenda anayesema hivyo ni mzima kabisa, na wahenga walishatuonya kwamba mjumbe hauawi.

Ili tumwelewe mjumbe tunahitaji istilahi nyingine mbili, nazo ziko jikoni. Kuna uji mzito na uji mwepesi. Unga ukizidi maji, mzito. Maji yakizidi unga, mwepesi. Injini ya petroli hupika vivyo hivyo: takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli ndicho kipimo cha kuungua kikamilifu. Petroli ikizidi, mchanganyiko ni mzito na volti iko juu. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi na volti iko chini. Kihisio kilicho hai hupanda na kushuka kati ya hali hizo mara kwa mara, kwa sababu kompyuta ya gari huongeza na kupunguza petroli ikifuata neno lake.

Kwa hiyo volti iliyoganda chini ina maelezo zaidi ya moja. Huenda mchanganyiko ni mwepesi kweli: mpira wa hewa umepasuka, pampu ya mafuta imedhoofika au nozeli zimeziba. Huenda bomba la moshi lina tundu kabla ya kufika kwenye kihisio; moshi husafiri kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo tundu hilo huvuta hewa ya nje. Huenda plagi haichomi. Silinda isiyowaka hutema hewa yake nzima bila kuitumia. Kihisio huona oksijeni, hutoa volti ya chini, na kompyuta huongeza petroli. Hapo mwenye gari hushangaa: msimbo unalia hewa nyingi, na gari linakunywa mafuta. Wote wawili wako sahihi, kwa kuwa kihisio hakipimi petroli. Mwisho wa orodha ndipo wanapokuja waya uliogusa bodi na kihisio kilichoharibika.

Fundi makini huzitenganisha sababu hizi kwa hatua chache. Injini ikiwa imepata moto, hutazama volti kwenye mashine, kisha hupulizia kidogo kisafishio cha kabureta kwenye njia ya hewa, kwa tahadhari maana kinashika moto. Volti ikiruka kupita 0.8, kihisio ni kizima, akatafute kwingine kwenye orodha ile. Isiposogea, huchomoa soketi ya kihisio. Katika magari mengi kompyuta yenyewe hutuma karibu volti 0.45 kwenye waya ule. Namba ikipanda kufika hapo, waya ni mzima na shaka hurudi kwa kihisio. Ikibaki karibu na sifuri, waya umegusa bodi mahali fulani. Si kila gari hufanya hivyo, kwa hiyo kitabu cha gari hutazamwa kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kulitaja jina kwa ukamilifu. Toyota nyingi za miaka ya karibuni, mbele ya kile kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi wanakiita masega, hazina kihisio cha namna hii. Zina kihisio cha uwiano wa hewa na mafuta. Hicho husimama karibu na volti 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa, na volti yake ikishuka maana yake ni petroli nyingi, kinyume kabisa cha mwenzake. Gereji ikiviita vyote "oksijeni sensa", fundi yule yule ataona volti ya chini na kutafuta hewa mahali palipojaa petroli.

Kiswahili chetu nacho kina mtego. Tukisema "hitilafu ya kihisio", ile a-unganifu "ya" inakikabidhi kihisio kosa kama mali yake. Tukisema "volti ya chini kwenye saketi ya kihisio cha oksijeni", kosa bado halijapata mwenyewe. Ni maneno marefu kwa karatasi ya gereji, lakini ni nafuu kuliko spea. Fundi na aandike hayo, na chini yake aandike alichokuta: "Gasketi ya bomba la moshi imepasuka. Imebadilishwa. Kihisio ni kile kile."