Kiharusi kwa wagonjwa wa korona: tusiseme ni uchovu wa maradhi



Mwaka 2020 ami yangu alilazwa kwa korona, akapata nafuu, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku chache baadaye, baada ya Maghrib, kikombe cha kahawa kilimponyoka mkononi na maneno yake yakawa hayaeleweki. Tuliokuwapo tulisema ni uchovu wa maradhi. Mwengine akasema ni upepo, asomewe. Tulimpeleka hospitali asubuhi yake. Kilikuwa kiharusi, na mkono wake wa kulia hadi leo haushiki kitu. Mimi si daktari, lakini tangu siku ile nimesoma na kuuliza sana, na naona ni haki niwaeleze wenzangu nilichojifunza.

Kiharusi ni nini?

Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu. Kipo cha aina mbili. Cha kwanza, ambacho ndicho cha kawaida zaidi, ni pale bonge la damu iliyoganda linapoziba mshipa. Cha pili ni mshipa kupasuka na damu kuvuja kichwani. Wagonjwa wengi wa korona waliopata kiharusi walipata hiki cha kuziba.

Korona inahusika vipi?

Wengi wetu tuliijua korona kama maradhi ya mapafu. Kumbe hudhuru pia kuta za ndani za mishipa ya damu, na mwili unapopambana nayo kwa nguvu, damu huganda kwa urahisi. Ndiyo maana wagonjwa wengi waliolazwa walidungwa sindano za kuzuia damu kuganda. Aliye hatarini zaidi ni mzee, mwenye presha, sukari au maradhi ya moyo, na aliyezidiwa hadi kuhitaji mashine ya kupumulia. Presha na sukari ni wageni gani majumbani mwetu?

Huko New York, madaktari waliwachunguza wagonjwa 1,916 wa korona waliofika katika hospitali mbili mwanzoni mwa mlipuko wa 2020. Waliopata kiharusi cha kuziba walikuwa 31. Kwa wagonjwa 1,486 wa homa ya mafua waliolinganishwa nao, walikuwa 3 tu. Kati ya wale 31, ni 8 tu waliofika hospitali kwa sababu ya kiharusi chenyewe. Nusu yao walipatwa siku 16 au zaidi tangu dalili za korona zianze, wakati ambapo jamaa huanza kushusha pumzi.

Vijana nao hawakusalimika. Katika mji huohuo, hospitali ya Mount Sinai ilipokea ndani ya wiki mbili watu watano wenye korona, wote chini ya umri wa miaka 50, waliopata kiharusi kikubwa. Mdogo wao alikuwa na miaka 33. Wawili kati yao walichelewa kuomba msaada kwa kuogopa kwenda hospitali. Sisi tuliokuwa Mombasa Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa, hofu hiyo twaijua. Watu waliogopa karantini kuliko maradhi.

Kwa nini hakionekani mapema?

Aliyelazwa akiwa amepewa dawa za usingizi hawezi kusema mkono umekufa ganzi. Mnyonge wa kitandani akishindwa kuinua mguu, hudhaniwa ni udhaifu tu. Na wakati ule ndugu hawakuruhusiwa wodini, ilhali wao ndio wamjuao mtu wao alivyokuwa jana.

Dalili na la kufanya

Mwambie atabasamu: je, uso umekwenda upande? Ainue mikono miwili: je, mmoja unaanguka? Aseme sentensi fupi: je, ulimi mzito? Moja ikionekana ghafla, muite muuguzi, au kama mko nyumbani, tafuteni gari papo hapo. Kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwani dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya CT skani kuthibitisha kuwa hakuna damu iliyovuja.

Usimpe aspirini, kwa sababu nyumbani huwezi kujua ni cha kuziba au cha kuvuja. Usimpe chakula wala maji, hata ya kusomewa, maana anaweza kupaliwa. Na aliyetoka hospitali na dawa za kuzuia damu kuganda asizikatize mwenyewe, wala asipigwe chuku kabla ya kumuuliza daktari.

Dua tusiache. Lakini Mtume wetu (SAW) ametufundisha pia kutafuta tiba, na Qur'ani yasomeka hata ndani ya gari liendalo hospitali. Usiku ule sisi tulisoma tukiwa tumekaa.