Taswira ya Kwanza na Haki ya Kujulikana

Wapo wasaili wanaoamini kwamba mwombaji wa kazi akishaingia mlangoni tu, wamekwisha kumjua. Nadai kwamba wanachokijua wakati huo ni mazoea yao wenyewe, na kuwasihi wawe waadilifu hakutoshi. Kinachopaswa kubadilika ni utaratibu wa usaili.

Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua, nyingine kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Hukumu za haraka kuhusu uaminifu na uwezo wa wenye nyuso hizo zililingana kwa kiasi kikubwa na za waliotazama bila kuwekewa muda. Aliyeongezewa muda aliongeza zaidi imani katika hukumu yake. Jambo hili lapaswa kututia hofu, kwa kuwa mwenye uhakika haulizi tena.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alikwisha kuonyesha mwaka 1946 jinsi maswali yanavyokoma. Kundi moja lilisomewa sifa za mtu: mwerevu, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Kundi jingine lilisomewa sifa hizohizo kuanzia mwisho. La kwanza likamwona mtu wa kufaa mwenye kasoro zake. La pili likamwona mtu ambaye kasoro zake zinauzuia uwezo wake. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa. Neno la kwanza ndilo lililoamua yaliyofuata yasikikeje, hata ukaidi wa mwerevu ukaweza kupita kwa jina la msimamo. Katika usaili, neno hilo la kwanza mara nyingi ni kiatu, lafudhi au jina la ukoo.

Macho yetu nayo yamefunzwa na historia. Unguja ya karne ya 19 ilimtambua mtumwa kwa nguo zake za merikani na kaniki. Baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, wanawake wengi waliotoka utumwani walivaa kanga, na baadaye buibui. Mtu anaweza kudhani kwamba hayo yalikuwa mapambo tu. Mimi naona walielewa kwamba karatasi ya uhuru kutoka mahakamani haikutosha: mtaa ulikuwa bado unawasoma kwa nguo, nao wakaamua wasomwe vingine.

Tanzania tayari inao mfano wa kuyazuia macho hayo. Katika mitihani ya taifa mtahiniwa huandika namba, si jina, na msahihishaji hukutana na majibu peke yake. Inasikitisha kwamba kijana huyohuyo, akifika kwenye usaili wa ana kwa ana, huipoteza kinga hiyo. Angalau waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, na kila msaili aandike alama zake kabla ya kusikia maoni ya mwenzake.

Watasema zipo kazi ambazo mwonekano na sauti ni sehemu ya kazi yenyewe, kama ualimu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi kumpima mwalimu kwa namna alivyoketi kitini. Apewe darasa, chaki na mada, na alama ziandikwe kipindi kikiisha.